Kura ya kanisa tunayoihesabu haipo

Kila Jumapili magari ya wanasiasa yanajipanga nje ya makanisa, na kila Jumatatu wachambuzi wanapiga hesabu: askofu yupi alimwombea nani, mchungaji yupi alimpa nani kipaza sauti, kanisa lipi lilipokea bahasha na lipi liliirudisha. Kadiri uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unavyokaribia ndivyo hesabu hii inavyoshika kasi. Ilianza kuchacha Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipotangaza kwamba linarudisha shilingi milioni 2.6 ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa Jumapili ya tarehe 17 katika kanisa la Soweto, mtaani Embakasi. Ikapanda Machi 2025 kwa mchango wa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner, Roysambu, na ikapanda tena Julai ilipojulikana kwamba kanisa linajengwa ndani ya Ikulu. Tangu hapo tunasikia hukumu mbili. Moja inasema Ruto aliletwa na makanisa, hivyo makanisa yakimwacha ameanguka. Nyingine inasema makanisa ya kiroho, yaani ya Kipentekoste, bado yako naye, hivyo ana ghala la kura lisilofikiwa na mpinzani yeyote. Hukumu hizi zinagombana kila siku redioni, lakini zimetoka tumbo moja: zote zinaamini kwamba kuna kura ya kanisa, mali ya viongozi wa dini, inayoweza kutolewa au kunyimwa.

Mimi nasema kura hiyo haipo. Ukizitazama chaguzi zetu moja baada ya nyingine, utaona kwamba imani haimchagulii Mkenya mgombea. Mgombea hupatikana kwanza kwa maswali mengine: nani ana uwezo wa kushinda, nani atatulinda, nani anaijua njaa yetu, nani akiingia tutakuwa tumeingia naye. Majibu ya maswali hayo yakishapatikana, dini humpa mpiga kura maneno ya kulieleza chaguo lake na moyo wa kulishikilia. Nguvu yake kubwa zaidi huja baada ya kura, pale inapompa mwananchi mizani ya kumpimia yule aliyemweka madarakani. Tukilikosa hili, tutafika 2027 tukiwa tumehesabu mimbari badala ya kuwasikiliza waliokaa kwenye mabenchi.

Tuanze na siku ambayo viongozi wa dini walipima nguvu zao waziwazi. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya waliipigia kura katiba mpya. Maaskofu Katoliki walikuwa upande wa Hapana, pamoja na Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, na wahubiri wa kiinjilisti waliozunguka nchi nzima. Hoja zao mbili zilikuwa za imani hasa: mahakama za kadhi ndani ya katiba, na kifungu cha 26 kuhusu uavyaji mimba. Ni vigumu kupata wakati mwingine katika historia yetu ambapo makanisa mengi hivyo yalisema neno moja, kwa sauti moja, katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya watu wake ni Wakristo. Matokeo yake, Ndio ikapata takriban asilimia 67. Mamilioni ya Wakristo walitoka ibadani Jumapili wakiwa wameambiwa wakatae, na Jumatano ikawakuta kwenye foleni wakikubali. Hawakuacha dini. Wengi walirudi kanisani Jumapili iliyofuata na kukaa kwenye benchi lilelile. Walikuwa wametenganisha mambo mawili ambayo viongozi wao walidhani hayatengani. Na pale Hapana ilipopata nguvu zaidi, katika Bonde la Ufa, ilikuwa na wanasiasa wazito nyuma yake, Ruto mwenyewe akiwa mstari wa mbele, na hofu kubwa kuhusu ardhi. Kwa maneno mengine, wito wa kanisa ulifanya kazi mahali ambapo siasa ilikuwa imeshalilima shamba.

Ramani ya Waislamu inasema yaleyale. Mwaka 2013 Mandera ilimpa Uhuru Kenyatta zaidi ya kura 9 katika kila 10. Kwale, kaunti nyingine ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, ilimpa Raila Odinga ushindi mkubwa siku hiyohiyo. Mwaka 2022 Mandera ikahamia kwa Raila. Kurani ni ile ile na adhana ni ile ile. Kilichogeuka ni mapatano ya wazee wa koo na hesabu ya nani atakuwa karibu na serikali, maana kufikia hapo Uhuru mwenyewe alikuwa upande wa Raila. Sasa iweke Kwale kando ya Taita Taveta, ambako Wakristo ndio wengi. Dini tofauti, lakini zote mbili zilimpigia Raila mwaka 2013, 2017 na 2022. Mtu wa Msambweni na mtu wa Mwatate hawasali pamoja, ila wote wanajua maana ya kuitwa skwota, mkazi asiye na hati, kwenye ardhi aliyozikwa babu yako. Ukitaka kujua kwa nini walipiga kura upande mmoja, anzia kwenye hatimiliki.

Kuna jambo linalotuchanganya hapa na halisemwi vya kutosha: madhehebu ya Kenya yana ramani ya makabila, na ramani hiyo ilichorwa na wamishenari. Waskoti wa Presbiteri walijenga Thogoto na Tumutumu, ndiyo maana kanisa lao la PCEA lina mizizi Mlima Kenya. Africa Inland Mission walikaa Kijabe wakatandaa Ukambani na Bonde la Ufa. Marafiki, yaani Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902, na hadi leo huwezi kuizungumzia Vihiga bila wao. Waadventista walianzia Gendia mwaka 1906, wakaenea Nyanza Kusini na Kisii. Wamethodisti walianza Ribe, Pwani, kisha wakaweka nguvu Meru. Kwa hiyo mtafiti anaposema waumini wa kanisa fulani wanamuunga mkono mgombea fulani, mara nyingi amepima eneo na lugha ya nyumbani, kisha akayapa jina la dini. Hata uhusiano wa Rais Moi na Africa Inland Church, kanisa lililojitoa NCCK katika miaka ya 1980 baraza hilo lilipoupinga upigaji kura wa mlolongo, wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, hauwezi kusomwa kama teolojia peke yake. Kanisa hilo ndilo lililomlea Moi, na watu wake walikuwa wameketi humo.

Hata hivyo nisiwe mwepesi mno. Upande unaosema dini iliamua uchaguzi wa 2022 una hoja nzito, nami nitaiweka katika sura yake iliyo bora. Ruto alipata kura 7,176,141, asilimia 50.49. Raila alipata 6,942,930. Tofauti yao ni kura zipatazo 233,000 katika nchi nzima. Kwa pengo jembamba namna hiyo, mtandao wowote ulioweza kuwatoa watu nyumbani kwenda kituoni una haki ya kudai sehemu ya ushindi, na katika vijiji vingi hakuna chama cha siasa chenye ofisi, kadi wala mkutano wa kila wiki. Kanisa lina vyote hivyo. Lina jumuiya ndogondogo, kikundi cha akina mama, kwaya, mweka hazina, na mchungaji anayejua nani ameuguliwa na nani hana karo. Mtu ambaye hamwamini diwani wake atamwamini mama aliyemletea uji alipojifungua. Anayepuuza hilo haijui Kenya.

Na kuna jambo la ndani zaidi, ambalo nadhani ndilo lililomfaa Ruto kuliko michango yote. Simulizi yake ya hasla, mtu wa chini anayehangaikia riziki, ilikuwa na umbo la ushuhuda. Mtoto wa Kamagut aliyekwenda shule bila viatu, aliyeuza kuku kando ya barabara, aliyeongoza ibada za wanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi, akapanda hadi naibu wa rais, kisha akadharauliwa na wakubwa waliomkuta na waliotaka kumzuia. Kila aliyekulia katika kanisa la kiroho anaijua safari hiyo, kwa sababu kila Jumapili mtu husimama na kuisimulia ya kwake: nilikuwa chini, walinicheka, Bwana akaniinua. Ni Yusufu kutoka shimoni, ni Daudi kutoka machungani. Msikilizaji hakuhitaji kuambiwa kwamba huyu ni mteule wa Mungu. Umbo la simulizi lilimwambia. Alipopiga magoti na kulia wakati wa maombi, hakuwa akifanya jambo geni. Alikuwa akizungumza lugha ya nyumbani ya mamilioni ya watu.

Lakini hapo ndipo hoja hiyo inapofikia mwisho wake. Raila naye alipewa Biblia mwaka 2017. Alikuwa Yoshua, muungano wake wa NASA ukiwa safarini kuvuka mto kuingia Kanani, na wafuasi wake waliimba hivyo viwanjani kwa imani ya kweli kabisa. Hadithi ilikuwa nzuri na wasimulizi walikuwa hodari. Haikuongeza kura Nyeri wala Kericho. Waliokuwa tayari kwenda na Raila walimwona Yoshua, na waliokuwa wameamua kutokwenda naye walimwona mwanasiasa mwenye fimbo. Hadithi ya hasla nayo ilifaulu Mlima Kenya si kwa sababu watu wa huko ni wacha Mungu kuliko wa Nyanza, bali kwa sababu iliwakuta wamechoka. Biashara zilikuwa chini, Uhuru alikuwa amepatana na Raila na kumpa mkono, mtu ambaye kwa miaka mingi walifundishwa kumwogopa, na Ruto alikuwa amewatembelea kwa miaka minne mfululizo. Ushuhuda ulitua juu ya malalamiko yaliyokuwepo, ukayapa sauti na heshima. Bila malalamiko hayo ungesikika na kupita.

Kama bado kuna shaka, mwangalie mgombea wa nne. Kwenye karatasi ya urais mwaka 2022 kulikuwa na wanaume wanne, na mmoja wao, David Mwaure Waihiga wa chama cha Agano, alikuwa wakili na mhubiri. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama anasali. Kama imani ndiyo inayochagua, katika nchi ambayo sensa ya 2019 iliwahesabu Wakristo kuwa takriban asilimia 85, mtu huyu alistahili angalau kura za kutisha. Alipata asilimia 0.23. Mwulize muumini yeyote kwa nini hakumpa kura, na jibu utalipata bila kusita: ni mtu mzuri, lakini hashindi. Jibu hilo ni la siasa mwanzo hadi mwisho. Limejengwa juu ya picha aliyonayo mpiga kura kuhusu wengine watakavyopiga, na hofu ya kuharibu kura yake. Picha hiyo, ya nani ana nguvu na nani hana, humsukuma Mkenya kuliko mahubiri ya mwezi mzima. Hata hofu zetu za kidini hufanya kazi kwa kupitia humo. Mwaka 2007 Raila alitia saini makubaliano na viongozi wa Kiislamu wa NAMLEF, waliokuwa na malalamiko ya kweli kuhusu watu kukamatwa na kupelekwa nchi za nje bila sheria. Nakala bandia ikasambazwa, ikidai ameahidi kuleta sheria za Kiislamu nchi nzima. Iliaminiwa zaidi na waliokuwa tayari wanamwogopa kwa sababu nyingine. Uongo wa kidini unahitaji udongo wa kisiasa ili uote.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayowaona waumini kama kondoo, kwamba ukimpata mchungaji umelipata zizi. Wanasiasa wanaiamini, ndiyo maana wanaendelea kubeba bahasha. Baadhi ya wahubiri nao wanaiamini, au wanataka iaminiwe, kwa kuwa ndiyo bei yao sokoni. Husindikizwa na Warumi 13: kila mwenye mamlaka amewekwa na Mungu, basi anayempinga anampinga Mungu. Kwanza, hesabu zinaikataa, kama 2010 ilivyoonyesha. Pili, waumini wenyewe hawaisomi Biblia hivyo. Anayeijua Warumi 13 anaijua pia Samweli wa kwanza, sura ya 8, ambapo watu waling'ang'ania mfalme na wakaonywa mapema kwamba atachukua wana wao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mazao yao. Mwislamu naye amefundishwa kwamba uongozi ni amana, na amana huulizwa. Tatu, na hili nimeliona kwa macho yangu, bahasha hainunui kile inachodhaniwa kununua. Mwanasiasa huingia ibada ikiwa nusu, wazee wa kanisa wanainuka kumpisha benchi la mbele, kwaya inakatiza wimbo. Wakati wa matangazo anapewa kipaza sauti. Bwana asifiwe, anasema, nami nimekuja na marafiki zangu. Kila rafiki anatajwa na kiasi chake. Watu wanapiga makofi, paa linapata mabati, na wakitoka nje wanaulizana kwa sauti ya chini pesa hizo zimetoka wapi. Makofi yale ni adabu. Mgeni hupigiwa makofi.

Wengine, wakiona haya yote, wanakimbilia upande wa pili kabisa na kusema dini si chochote, Kenya ni kabila na tumbo. Nao wanakosea, na kosa lao linanisumbua zaidi kwa sababu linafuta sehemu bora ya historia yetu. Mapema mwaka 1990, chama kikiwa kimoja na wanasiasa wakiwa wamenyamaza, Kasisi Timothy Njoya alisimama siku ya mwaka mpya akahubiri kwamba yaliyozipata tawala za Ulaya Mashariki yangeweza kufika hapa pia. Askofu Henry Okullu alidai vyama vingi akiwa Maseno. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikufa katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani kwamba akikanyaga huko hatatoka hai. Watu hao hawakumwambia yeyote ampigie nani. Hapakuwa hata na wa kumpigia. Walichofanya ni kuwapa Wakenya kipimo: kwamba kuhesabu watu kwenye mlolongo kisha kumtangaza aliyekuwa na mstari mfupi ni dhambi, na inaitwa wizi. Kabila peke yake halikupi kipimo hicho. Kabila linakuambia wetu ni nani. Halikuambii wetu akiiba ufanye nini.

Ndiyo maana kipindi ambacho makanisa yalikuwa na sauti ndogo zaidi ni kile yalipojaribu kuwa na wagombea. Mwaka 2007 viongozi wengi walijulikana kwa upande wao, wengine wakitabiri mshindi madhabahuni. Nchi ilipowaka moto baada ya matokeo, watu zaidi ya 1,100 wakauawa na kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa na watu ndani siku ya mwaka mpya 2008, waliohitajika kusimama katikati hawakuwa na pa kusimama. Februari mwaka huo NCCK ilikiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande na ikaomba radhi. Kukiri huko ni moja ya nyaraka muhimu za siasa zetu, na inasikitisha jinsi tulivyoisahau upesi.

Turudi sasa kwa Ruto, maana ninadhani tatizo lake halieleweki. Inasemwa kwamba makanisa yamemgeuka. Ninavyoona mimi, yeye ndiye aliyeiinua mizani, na sasa anapimwa nayo. Mgombea aliyekuja na ahadi za barabara hupimwa kwa barabara. Aliyekuja na machozi ya maombi hupimwa kwa ukweli wa neno lake. Tazama lugha iliyotumiwa na waliomkasirikia. Vijana walipoingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, jina walilompa halikutoka kwenye vitabu vya uchumi. Walimwita Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, na kibwagizo chao kilikuwa neno la Yesu mwenyewe chini ya mkuyu: Zakayo, shuka. Wanaoifahamu sura hiyo wanajua pia inavyoendelea, Zakayo anaahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Hao ndio vijana ambao wachambuzi walituambia wameacha dini. Wengi wao hawaendi ibadani kila wiki, na wengine waliwazomea wanasiasa ndani ya makanisa. Lakini walipotafuta fimbo ya kumchapia rais waliikuta katika shule ya Jumapili.

Mwezi uliofuata rais alitangaza kwamba watumishi wa serikali hawataruhusiwa tena kushiriki michango ya harambee, kwa kuwa inachochea ufisadi. Lilikuwa neno jema na wengi walilipokea hivyo. Miezi minne baadaye akawa Soweto na milioni zake. Maaskofu Katoliki walikuwa wametoa taarifa siku tatu tu kabla, Novemba 14, wakilalamikia utamaduni wa uongo serikalini. Ukiyaweka matukio haya pamoja, utaona kwa nini Askofu Mkuu Philip Anyolo aliirudisha ile pesa, na kwa nini uamuzi huo ulishangiliwa hata na watu wasio Wakatoliki. Haukuwa wito wa kumpigia mtu mwingine. Alitumia mizani ileile ambayo mwananchi wa kawaida alikuwa ameishika mkononi tayari.

Nina jirani Kahawa West, mama mtu mzima wa Woman's Guild, chama cha akina mama wa PCEA, tuliyesimama naye kwenye foleni moja tarehe 9 Agosti 2022 tangu saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa na kikaratasi alichoandika kwa kalamu majina ya watu wake sita, urais hadi MCA, yaani mwakilishi wa wadi, asije akachanganya, na alikikunja ndani ya Biblia ndogo. Hakunificha anampigia nani. Mwaka jana nilimsalimia kioskini, akiwa na kitabu cha mkopo cha chama chao na makato mapya ya mshahara wa mwanawe yakimkera, nikamwuliza kama anajuta. "Mwanangu," akaniambia, "sikumpigia kwa sababu ya maombi. Nilimpigia nikidhani biashara ya kijana wangu itasimama. Lakini ni yeye aliyeniambia anaomba. Basi mimi namwuliza kwa hilo la maombi." Sijasikia mchambuzi aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

Yanayofuata kutoka hapo ni mengi. Kwa wapinzani, wasidhani kwamba hasira ya maaskofu ni kura zao. Mlima Kenya ulianza kumpa Ruto kisogo Naibu Rais Rigathi Gachagua alipong'olewa Oktoba 2024, na chanzo kilikuwa hisia ya kusalitiwa kisiasa, ingawa leo utaisikia ikielezwa madhabahuni kwa maneno ya Farao na Musa. Mgombea atakayekwenda 2027 akitegemea maneno hayo bila jibu kuhusu bei ya unga, ushuru na ajira atakuwa Yoshua mwingine asiye na mto wa kuvuka. Kwa serikali, ghala la kura za makanisa ya kiroho inalolitegemea linakaliwa na wauza mboga na waendesha bodaboda. Shida yao ya Jumatatu ni ileile ya Mkatoliki, na mchungaji wao anaijua kwa sababu anaiona kwenye kikapu cha sadaka. Kwa wanaowania kura za Waislamu, futari za Ikulu na picha za kanzu mpya hazitoshi. Februari 2025 Ruto alipotangaza kuondoa uhakiki wa ziada uliowafanya watu wa Kaskazini na Waislamu wengi kungoja kitambulisho kwa miaka, aligusa jambo ambalo lina uzito kuliko hotuba mia za kuusifu Uislamu. Vijana wa Garissa na Mombasa watalipima kwa kadi waliyopewa au waliyonyimwa, na kwa kama polisi bado wanawasimamisha njiani kama walivyofanya katika msako wa Eastleigh wa Aprili 2014.

Lakini wenye mzigo mkubwa zaidi ni viongozi wa dini. Septemba 2021, kule Butere, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili wa Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubia, ingawa walikuwepo wakubwa. Alisema mimbari ni ya makasisi. Sheria hiyo ilikuwa rahisi na ilieleweka na kila aliyekuwepo, na laiti ingeshikwa na kila dhehebu tangu siku hiyo, tusingekuwa leo tunabishana kuhusu milioni za Roysambu. Bado kuna wakati wa kuishika. Mwanasiasa aje, akae benchini, atoe sadaka yake ndani ya kikapu kama wengine, bila kutaja kiasi, bila marafiki wa kutangazwa. Halmashauri ya kanisa au kamati ya msikiti inayopokea mchango mkubwa iubandike ubaoni: nani ametoa, kiasi gani, kwa kazi gani. Na askofu au imamu atakapoitwa usiku wa matokeo kuwatuliza watu, kama walivyoitwa 2007 na wakakosa la kusema, awe mtu ambaye pande zote mbili hazijawahi kumwona akiwa amebeba kikapu cha mmoja wao.